Mtoto wangu anaficha jina la babake akiwa kwa shosho

SWALI: "Mimi ni Mkikuyu wa Othaya, mume wangu ni Mluo wa Ugenya. Tunaishi Umoja, Nairobi, na tuna watoto wawili, mvulana wa miaka 11 aliye Gredi ya 5 na msichana wa miaka 5. Nyumbani tunaongea Kiswahili na Kiingereza kidogo. Tulikubaliana zamani kwamba mambo ya kabila hayataingia mlangoni mwetu. Tulianza uchumba mwaka 2007, na yaliyofuata unayajua. Likizo ya Aprili nilimpeleka kijana kwa shosho yake, yaani mamangu, nikamsikia akiwaambia watoto wa jirani kwamba anaitwa Kamau. Jina lake ni Ochieng'. Kamau alikuwa marehemu babangu. Nilipomuuliza alinyamaza. Baadaye binti ya kakangu akanieleza kwamba mjomba wa kijana wangu alikuwa amemtania mbele ya watu, akamwita kihii, akasema watu wa kwao hawaketi na wanaume. Sasa shuleni wameambiwa walete wimbo wa kwao kwa siku ya utamaduni, naye ananiuliza, 'Mum, mimi ni kabila gani?' Babake humjibu, 'Wewe ni Mkenya, yaishe.' Dada yangu anasema mtoto ni wa baba, tumfanye Mluo kamili tuache kumchanganya. Mamamkwe analalamika kwamba mjukuu hajui hata kumwamkia. Je, tulikosea kutomfunza lugha zetu? Tumchagulie upande mmoja? Na kule kuficha jina, ni dalili ya ugonjwa?"

JIBU:

Mama, nianze na swali lako la mwisho, maana nadhani ndilo linalokukosesha usingizi. Kuficha jina si ugonjwa. Mtoto wa miaka 11 ametaniwa hadharani, akatambua kwamba jina lake ndilo lililomponza, akaliweka kando. Hata mtu mzima angefanya vivyo hivyo. Ni wangapi wetu, tukiwa ndani ya matatu wakati wa kampeni, tumejibu simu ya mama kwa Kiswahili ili abiria wa kiti cha nyuma asijue tumetoka wapi? Mwanao alipima hali ya mahali akachagua usalama. Hiyo ni akili.

Tazama pia jina alilochagua. Hakujiita Brian wala Kevin, majina ambayo yangemficha vizuri zaidi. Alijiita Kamau, jina la guka yake. Wewe unajua kwamba kwa desturi ya Wakikuyu mvulana wa kwanza hupewa jina la babake baba, na wa pili jina la babake mama. Mwanao ni wa kwanza, kwa hiyo hakulipata. Lakini mtoto huyu, ambaye hakuna aliyemketisha akamfundisha utaratibu wa majina, amenyoosha mkono akashika jina linalomfanya kuwa wa boma lile. Mimi nasikia hapo mtoto anayebisha hodi. Hukuniambia kama anamwonea haya baba yake, na katika yote uliyoandika sioni dalili hiyo.

Na lile tusi, hebu tulitazame bila kulikwepa. Kihii ni mvulana asiyetahiriwa. Mvulana wa miaka 11! Bila shaka binamu zake wa rika lake pale Othaya nao hawajapelekwa bado, na hakuna anayewaita hivyo kwa dharau mbele ya wageni. Kwa hiyo neno lile halikumhusu yeye. Lilikuwa jiwe lililorushiwa baba yake, likampata mtoto kwa kuwa ndiye aliyekuwepo. Nimeona hili mara nyingi katika kazi yangu ya ushauri nasaha na familia hapa Nairobi: ruracio, yaani mahari ya Kikuyu, haijakamilika, au kuna kinyongo cha zamani kati ya mashemeji, au siasa za miaka iliyopita hazijapoa, na anayelipa ni mjukuu wakati wa likizo. Mtoto hajui habari za ruracio. Anachojua ni kwamba kuna kitu kibaya ndani yake ambacho watu wazima wanakiona na yeye hakioni.

Sasa nieleze jinsi kabila linavyoingia kichwani mwa mtoto, kwa sababu ukielewa hapo utaona kwa nini swali lake limekuja sasa, wala si miaka mitatu iliyopita. Mtoto wa miaka mitatu au minne huona tofauti tu: kwa dani, nyanya wa Kiluo, kunaliwa samaki, kwa shosho kuna mukimo, huku wanaongea hivi na kule vile. Hazipi tofauti hizo jina. Akifika mitano au sita, kama binti yako, huanza kushika majina ya makundi, ingawa kwake ni kama timu za mpira, leo uko huku, kesho unahamia kule. Kati ya miaka saba na kumi huja kuelewa kwamba watu wazima wanalichukulia kabila kuwa kitu kisichobadilika, na kwamba kuna wanaolisifu na wanaolidharau. Halafu, kuanzia miaka 11 hivi, akili hupata uwezo mpya wa kujitazama kwa macho ya wengine. Mtoto anaingia mahali na kujiuliza, hawa wananionaje? Anasikia mwalimu akisoma majina ya darasa na anajua darasa zima limeshaamua yeye ni nani kabla hajasema "nipo".

Hapa Nairobi jina la mwisho ndilo linalofanya kazi hiyo, pamoja na lafudhi. Mwanao pengine anaongea Kiswahili na Sheng sawasawa na kila mtoto wa Umoja, kwa hiyo lafudhi haimtambulishi. Jina ndilo linalobaki. Linasema upande mmoja wake kwa sauti kubwa na kuunyamazia upande mwingine kabisa. Kwa shosho linamfanya mgeni. Na akienda Ugenya, jina linamfungulia mlango lakini ulimi unamfunga: anaitwa Ochieng', anasalimiwa kwa Dholuo, hana la kujibu, na kuna atakayesema kwa mzaha kwamba huyu ni nyathi wa Okuyu, mtoto wa Wakikuyu. Watoto wa familia kama yenu huniambia jambo hili moja kwa maneno tofauti, kwamba kila mahali wana kitu kimoja kinachopungua.

Yuko mtu mashuhuri aliyepitia hili. Erik Erikson, mwanasaikolojia aliyetupa dhana ya mgogoro wa utambulisho tunayoitumia mpaka leo tukizungumzia vijana, alizaliwa Frankfurt mwaka 1902. Mama yake alikuwa Myahudi kutoka Denmark, baba yake mzazi hakumjua, na alilelewa na baba wa kambo Myahudi. Kwenye sinagogi watoto walimcheka kwa urefu wake na nywele za kimanjano, shuleni walimcheka kwa Uyahudi wake. Hata jina Erikson alilichukua akiwa mtu mzima, Marekani. Nakutajia habari zake ili ujue kwamba swali la mwanao lilishaulizwa na watu wenye akili timamu, wakalijibu polepole, kwa miaka, na maisha yao hayakuharibika.

Turudi kwa maneno ya baba yake, "Wewe ni Mkenya, yaishe." Sehemu ya kwanza ni kweli tupu. Katiba ya 2010 inampa uraia kwa kuzaliwa kupitia kwa baba au mama, bila kuuliza ukoo. Mume wako amesema kweli na naamini amesema kwa mapenzi. Shida yangu ni lile neno la mwisho. Mtoto amekuja na swali, naye ameambiwa swali lifungwe. Atakachojifunza ni kwamba jambo hili linawaogopesha wazazi wake, na jambo linalowaogopesha wazazi lazima liwe baya sana.

Katika barua yako umeandika mstari mmoja kuhusu 2007 ukaupita haraka. Mimi niliusoma tena. Ghasia zilizofuata uchaguzi ule ziliua zaidi ya watu 1,100, na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Kulikuwa na mitaa ya mji huu ambako kijana wa Kiluo na msichana wa Kikuyu hawangeweza kutembea pamoja, na kuna ndoa zilizovunjwa na jamaa wa pande zote mbili kwa kisingizio cha kuwalinda. Ninyi mlibaki pamoja. Mkaweka sheria kwamba kabila halitaingia ndani. Wakati ule sheria hiyo ilikuwa ukuta wa kuwakinga, na siwezi kuwalaumu hata kidogo. Lakini mwanao amezaliwa miaka kadhaa baada ya hayo. Yeye anaona ukuta tu, haoni ulichokuwa ukizuia. Nadhani ni wakati wa kumweleza, kwa maneno ya kumfaa mtoto, kwamba mlipopendana nchi ilikuwa inagombana, kwamba watu waliwaambia muachane, na kwamba mlikataa. Hiyo ni hadithi yake pia. Sijui urithi gani mwingine ungemfaa zaidi mwaka huu.

Dada yako anashauri mumfanye Mluo kamili. Nitalipima kwa haki, maana zipo familia zilizofanya hivyo na watoto wakakua vizuri. Mama alijifunza Dholuo, akazoea boma la mumewe, watoto wakalelewa na upande mmoja, na upande wa mama ukawatembelea kwa upendo bila kudai. Iliwezekana kwa sababu ilianza mapema na hakuna aliyedharauliwa. Kwenu mambo ni tofauti. Mtoto ana miaka 11, shosho anamjua na kumpenda, na amekwisha kuonyesha kwa jina la guka kwamba anataka kuwa na sehemu kule. Ukimwambia leo kwamba upande wako haumhusu, atasikia kwamba mjomba alikuwa na haki. Na atajiuliza wewe mwenyewe ni nani kwake.

Kuna pia hili neno "kuchanganya", ambalo ningependa tuliache. Watu husema mtoto wa wazazi wa makabila mawili ni nusu hiki nusu kile, au humwita chotara, neno ambalo limezoeleka kwa watoto wa rangi mbili na ambalo mara nyingi hubeba dharau. Hesabu ya nusu haifanyi kazi kwa watu. Mwanao hana nusu ya shosho na nusu ya dani. Ana shosho mzima na dani mzima, na kila mmoja anaweza kumpa yote aliyo nayo bila kumpunguzia mwenzake. Kinachowaumiza watoto hawa ni kuulizwa wamtupe nani.

Nitakusimulia kidogo yangu. Mama yangu ni Mkamba, baba alikuwa Mtaita, nami nilikulia Makadara. Nikiwa darasa la nne mwalimu alikuwa akijaza fomu, akaniuliza kabila. Nikasema yote mawili. Akacheka, akaandika la baba, akaenda kwa mwanafunzi mwingine. Jambo dogo, sekunde chache. Nina zaidi ya miaka hamsini na bado naiona kalamu ile. Ndiyo maana nikisikia mtoto ameuliza swali hili sipendi kulipita haraka.

Fomu zenyewe hazijabadilika sana. Hesabu ya watu ya 2019 ilipouliza kabila, kila mtu aliandikiwa moja. Mwanao yumo ndani ya Waluo 5,066,966 au ndani ya Wakikuyu 8,148,668, kutegemea nani kati yenu alimfungulia karani mlango siku ile na alisema nini. Naona ni vyema mtoto wa umri wake ajue kwamba makundi haya, pamoja na uzito wake wote, yamechorwa na watu na huchorwa upya. Abasuba wa pande za Mbita, Rusinga na Mfangano wana asili ya Kibantu, lakini wengi wao leo huongea Dholuo na huhesabiwa Waluo. Wakikuyu na Wamaasai wameoana vizazi na vizazi. Jina Kalenjin lilishika miaka ya 1940 tu. Na sote tuliokariri shuleni kwamba makabila ya Kenya ni 42, mwaka 2017 tuliambiwa Wamakonde ni la 43 na Wakenya wenye asili ya Asia ni la 44. Simaanishi kwamba kabila ni uongo. Lugha ni kweli, makaburi ya mababu ni kweli, na uchungu wa dani kutoamkiwa na mjukuu ni kweli. Namaanisha mipaka yake haijawahi kuwa migumu kama mjomba anavyodhani.

Kama baba yake anataka mahali pa kuanzia mazungumzo, siku moja ya Jumamosi washuke pamoja mjini, wasimame kwenye sanamu ya Tom Mboya, mwanasiasa wa Kiluo, pale Moi Avenue. Wazazi wa Mboya walitoka Rusinga, naye alizaliwa mwaka 1930 kwenye shamba la mkonge karibu na Kilima Mbogo, akakua akisikia lugha za watu wengine. Mwaka 1961 wapiga kura wa Nairobi, wengi wao Wakikuyu, walimchagua awawakilishe. Miaka minane baadaye aliuawa kwa risasi hatua chache kutoka pale sanamu ilipo. Yote mawili yasemwe, la kura na la risasi. Mtoto wa miaka 11 anaweza kuyabeba akiwa na baba yake pembeni.

Kuhusu lugha, usijipige kifua. Tangu ripoti ya elimu ya Gachathi ya 1976, sera imeruhusu shule zetu za mijini kutumia Kiswahili penye watoto wa lugha nyingi, na mlichofanya nyumbani ndicho wazazi wengi wa Eastlands hufanya. Kiswahili kimewapa watoto wenu lugha ambayo si ya upande wowote, na hilo si haba. Lakini kama mlijizuia kwa hofu kwamba lugha mbili za ziada zingemchanganya akili, hofu hiyo haina msingi. Watoto hubeba lugha tatu au nne bila kuumia. Wakichanganya maneno ya lugha mbili katika sentensi moja, wanatumia kila walicho nacho kusema wanachotaka, kama sisi sote tunavyofanya mjini hapa kila siku. Ubongo haujai.

Miaka 11 si kuchelewa. Huenda asipate lafudhi ya mtu aliyezaliwa nayo, lakini atapata lugha ya kutosha kuketi na wazee. Binti wa miaka mitano ana nafasi nzuri zaidi, na tafadhali msimsahau yeye kwa kuwa bado hajauliza. Msianze na vitabu wala masomo ya Jumamosi. Anzeni na watu. Lugha hushika pale ambapo kuna mtu anayempenda mtoto na ambaye hataki kuongea nyingine. Wewe ongea Kikuyu mnapopika, kila jioni, hata kama mwanzoni anajibu kwa Kiswahili. Baba yake achukue Dholuo wakati wake, labda wakienda dukani au wakitazama mpira. Mpigieni dani simu kila Jumapili, mtoto aanze na salamu tu, "oyawore" kama ni asubuhi, halafu amsikilize. Utaona mama mkwe atakavyoyeyuka. Na dani amweleze maana ya jina lake, kwamba Ochieng' ni mtoto aliyezaliwa jua likiwaka. Je, alizaliwa mchana? Mjukuu asimuliwe habari za siku hiyo, nani alikuwepo, nani alikimbia na habari. Jina lenye hadithi huwa gumu kulificha, maana mwenye nalo hutaka kulisimulia.

Vipi kuhusu Kamau? Mimi ningeuliza familia. Sisemi limfute Ochieng', wala si lazima liandikwe popote. Lakini kama shosho atamwita siku moja mbele ya wajomba na kusema kwamba mtoto huyu anaruhusiwa kubeba jina la mume wake pale nyumbani, basi kile alichokichukua kwa kujificha atakuwa amepewa mchana kweupe. Waluo nao huwapa watoto majina ya jamaa waliotangulia, kwa hiyo baba yake hataona ajabu. Muulize baba yake kwanza, lakini.

Sasa kuhusu kaka yako. Hapa naomba uwe thabiti. Anayepaswa kuzungumza naye ni wewe, si mume wako. Katika ndoa za makabila mawili nashauri kila mmoja awakabili watu wake mwenyewe. Mume wako akienda, ugomvi utakuwa wa Mluo na Wakikuyu. Wewe ukienda, ni dada na kaka. Usimpigie kelele na usimwombe pia. Mwambie ulisikia alichosema, kwamba mtoto ameanza kuficha jina kwa ajili yake, na kwamba kama ana neno na shemeji yake alilete kwa shemeji yake. Mwambie pia kwamba mtoto hatarudi kulala pale mpaka yeye, mjomba, akubali kutotamka neno lile tena. Akisema ulikuwa utani, mjibu kwamba utani huchekesha wote. Ukiona ni vigumu, mwombe mamako awepo. Shosho wengi hawajui yanayosemwa nyuma ya nyumba, na wakijua huyamaliza kwa sauti moja.

Kisha mwambie mwanao, wewe mwenyewe, kwamba ulisikia. Amekuwa akibeba jambo hilo peke yake tangu Aprili. Usimhoji kwa nini alijiita Kamau. Sema tu: "Nimejua mjomba alichokuambia. Alikosea. Si kazi yako kulirekebisha, ni yangu, na nimeshaongea naye." Halafu nyamaza, umwache aseme au asiseme.

Tusi lile limefungua pia mlango wa tohara, na ninyi wawili mnahitaji kukubaliana kabla jamaa hawajawaamulia. Wavulana wengi wa Kikuyu hupelekwa karibu na wakati wa kumaliza shule ya msingi, hivyo swali liko mlangoni. Kwa Waluo tohara haikuwa mila, ingawa tangu 2008 mpango wa serikali wa tohara ya hiari hospitalini, ulioanzishwa kupunguza maambukizi ya ukimwi, umewafikia wanaume wengi sana pande za Nyanza. Mkiamua ndiyo, iwe hospitalini, kwa sababu mnazozielewa, na mtoto aulizwe. Mkiamua asubiri akue achague, hilo nalo linakubalika. Ninachopinga ni kuifanya tiketi ya kuingilia kwa mjomba. Mtoto akitahiriwa ili apendwe, atagundua wiki ijayo kwamba anadaiwa kitu kingine. Na ikitokea jamaa yeyote anapanga kumpeleka bila idhini, mjue kwamba Sheria ya Watoto ya 2022 inakataza kumtahiri mtoto wa kiume kwa nguvu, na Kifungu cha 44 cha Katiba kinasema hakuna atakayelazimishwa kufuata mila au kupitia tambiko lolote.

Mkiwa mnaongea hayo, ongeeni na mengine ambayo wanandoa wengi huyaahirisha: ruracio iliyosalia, mtajenga wapi, na hata mtazikwa wapi. Najua si maneno ya kupendeza mezani. Lakini wakazi wa zamani wa mji huu hawajasahau kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno, Mluo aliyekuwa amemwoa Wambui, binti wa ukoo wa Waiyaki. Alifariki Desemba 1986, na mwili ukakaa mochari miezi mitano huku mjane na ukoo wa marehemu, Umira Kager, wakivutana mahakamani, mpaka akazikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987, mjane akiwa ameshindwa. Watoto wao walisikiliza pande mbili zao zikishindania baba yao mbele ya taifa zima. Yale ambayo wazazi hawajayamaliza, watoto hukuta yanawangoja.

Siku ya utamaduni isiwasumbue sana. Mwambie mwalimu wa darasa mapema kwamba mtoto ana kwao kuwili na ataleta wimbo mmoja, wowote anaoupenda, au nyimbo mbili fupi. Walimu wengi watakubali. Kama kuna wanafunzi wanaomtania kwa jina, lisemwe hapo hapo, kwa utulivu, na ufuatilie baada ya wiki mbili kuona kama limekoma. Uchaguzi wa Agosti 2027 ukikaribia, jihadharini pia na sauti za WhatsApp na redio zinazochezwa watoto wakiwa sebuleni. Wanasikia kila kitu, na yeye husikia mara mbili, maana kila kabila likitukanwa kuna mtu wake ndani.

Kuhusu kumwona mtaalamu ana kwa ana: kwa uliyoyaeleza, sidhani anahitaji leo. Ningebadilisha mawazo kama ungeona, kwa wiki mbili au zaidi, halali vizuri, tumbo linamuuma kila Jumatatu asubuhi bila sababu, anakataa shule, ameacha marafiki au mchezo aliokuwa akiupenda, anapigana, au anasema anajichukia au anamchukia baba yake. Akitamka hata mara moja kwamba angependa kufa au asingezaliwa, usingoje wiki mbili. Mpeleke siku hiyo hiyo. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na ile ya Mathari zina huduma za afya ya akili, na nambari 116 ya watoto hupigwa bure saa zote, hata na mtoto mwenyewe. Ukienda kwa mshauri wa binafsi, muulize kama amesajiliwa. Tuna sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu 2014, na mtu halali hachukii kuulizwa. Chagua asiyekuwa na haraka ya kuwaambia mchague upande. Na pengine ninyi wazazi ndio mngenufaika kwanza kwa vikao viwili vitatu, kuuzungumza ule mwaka mlioupita haraka.

Akikuuliza tena ni kabila gani, mjibu moja kwa moja. "Baba ni Mluo, mimi ni Mkikuyu, na wewe ni wa kote kuwili. Watu wengine watakuambia uchague. Sisi hatutakuambia." Akiuliza, "Na nikiulizwa na mtu nisiyempenda?" mwambie hadaiwi jibu na kila mtu, kwamba anaweza kusema yote mawili, au moja, au "mimi ni wa Umoja", na hatakuwa amemsaliti yeyote. Hata kujiita Kamau siku akiogopa si dhambi. Ila nyumbani asiogope.

Safari ya Desemba msiifute. Gawanyeni likizo, wiki moja Ugenya na nyingine Othaya, na msianze na Othaya mwaka huu, ili afike kwa shosho akiwa ametoka kuamkia vizuri mahali. Baba yake aje naye mpaka ndani, aketi, anywe chai. Na kaka yako umpigie simu wiki hii.